Nyasi Tulizokata Kilimambogo

Mjukuu wangu anapenda kunitoa matembezi. Juzi alinipeleka hoteli mpya hapa Ruiru, zile za siku hizi zenye vibanda vya duara vilivyoezekwa nyasi, ili watu wa mjini waketi humo wajione wako kijijini. Tuliagiza kuku. Nyasi zilikuwa zimeezekwa karibuni, bado zina rangi ya manjano, na harufu yake ilishuka ikanikaa kifuani. Kuku alipoletwa sikuweza kumla. Mjukuu akaniuliza kama sukari imepanda. Nikamwambia tuhamie juani, basi. Sikumpa sababu, maana kijana wa leo ukimwambia nyasi zimekutoa machozi atakukimbiza kwa daktari. Ninyi wa rika langu nitawaambia, ninyi mliolala chini ya paa la nyasi kwa kuwa hapakuwa na paa lingine.

Tuliishi chini ya mlima Kilimambogo, upande unaotazama Thika, mama na mimi na kuku wachache. Ilikuwa kabla kidogo ya Hali ya Hatari ya mkoloni, kabla hatujajifunza kuogopa ngurumo za malori. Nilikuwa na miaka minane hivi, mtoto pekee, na kwetu mtoto pekee lilikuwa jambo la kunong'onezwa kisimani. Mama aliumia sana aliponizaa, na baada yangu hakushika mimba tena. Mimi sikujua kama hiyo ni kasoro. Nilichojua ni kwamba uji wote ni wangu.

Baba alikuwa nyapara katika shamba la makonge lililokuwa nyuma ya mlima. Alikuja nyumbani Jumamosi moja, akaruka nyingine, na alipokuja kengele ya baiskeli ilitangulia kufika. Nilikuwa nimepewa jina la mama yake, Nyambura, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo yeye aliniita "maitu," yaani mama yangu. "Maitu, umeshindaje?" "Maitu, niruhusu nivue viatu." Alijifanya mtoto mbele yangu, akanyoosha mikono kupokea kikombe kama anayempokea mzazi wake, nasi tukacheka mpaka mama akatuambia tunyamaze tusali. Sala aliiongoza yeye. Alikuwa mtu wa kanisa, amebatizwa, ameahidi mbele ya watu kwamba mke wake atakuwa mmoja. Nilimpenda kupita kiasi, na hata leo nasema hivyo bila haya.

Hatukuwahi kufika alikofanya kazi. Alisema tajiri wa shamba hataki wake na watoto kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, na mama hakuwa mtu wa kubishana na tajiri asiyemwona. Basi kwangu mimi mlima ulikuwa mlango wa baba. Aliingia nyuma yake Jumatatu, akatoka Jumamosi. Jua nalo lilitokea huko huko kila asubuhi, nikaamini wanakaa pamoja.

Kiangazi kimoja baba alikuja na habari. Wafanyakazi wanataka kujenga kanisa kule shambani, alisema. Miti wanayo, lakini nyasi hakuna, makonge yamekula ardhi yote. Nyasi nzuri ziko mlimani.

"Mama Nyambura," akamwambia mama, "mkono wako unajua nyasi kuliko wa mtu yeyote. Wakatie. Mungu atakuona."

Kwetu nyumba ilijengwa na watu wengi. Wanaume walileta miti, wanawake wakaleta nyasi, na mwanamke aliyeleta nyasi mbaya alisemwa mpaka akaziota. Mama hakuogopa kusemwa. Alingoja umande ukauke, akashika nyasi konzi moja kwa mkono wa kulia na kuzikata na mundu kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa mtu wa mashoto. Kisha alizikung'uta, akazichana kwa vidole mpaka majani mafupi na magugu yote yakaanguka, zikabaki zile ndefu tupu. Hata fundo lake la kufungia tita lilisokotwa kinyume na la watu wote. Majirani walimtania kwamba anafunga kama mtu anayefungua.

Kazi yangu ilikuwa kuokota zilizoanguka na kutazama nyoka. Kila wiki gari la ng'ombe la shamba lilipita njia kuu, likachukua matita yetu, likatokomea nyuma ya mlima. Mama alisimama akiliangalia mpaka vumbi lilipotua. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, aliniambia kwamba alikuwa na ombi lake la siri. Kila tita alilolifunga, alimwomba Mungu ampe mtoto wa pili. Alikuwa akimjengea Mungu nyumba, na mwenye nyumba hasahau waliomjengea.

Mimi nilielewa jambo hilo kwa akili yangu. Niliposikia nyumba ya Mungu nilijua ni nyumba ya kulala. Mungu alikuwa anahamia kule kwa baba, labda kwa sababu ya jua, na angehitaji mahali pakavu. Nilichagua zile nyasi ndefu zaidi nikazibusu kabla ya kumpa mama, ili Mungu akilala azione juu yake ajue ni zangu.

Mama alikuwa ameniahidi kitu. Siku ya kumaliza tutapanda mpaka juu kabisa. "Nitakuonyesha mlima Kirinyaga," alisema. "Nitakuonyesha dunia yote, halafu uache kuniuliza maswali." Watu hawakuwa na desturi ya kupanda mlima ule bure. Ulipanda kutafuta kuni, nyasi au mbuzi aliyepotea. Kupanda ili kutazama tu kulikuwa mambo ya Wazungu. Mama akatafuta kisingizio: tita la mwisho tutalikata kileleni, ambako nyasi ni ndefu.

Tuliondoka asubuhi na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Mama alinitanguliza, akawa anaongea kwa sauti njia nzima, habari za mboga, za jirani, za chochote, kwa sababu mbogo wa mlima ule hawapendi kushtukizwa. Tulipita mavi yao yakiwa bado na mvuke. Katikati ya mlima tulikuta makaburi ya Wazungu, nikauliza kwa nini mtu abebwe mbali hivyo akiwa tayari amekufa. "Walitaka kuendelea kutazama," mama akasema. "Mzungu hachoki kutazama." Nilicheka, lakini nilipita upande wa pili wa mama.

Kisha msitu ukatufunika, miti imevaa kuvu kama ndevu, maji yakitudondokea shingoni ingawa hapakuwa na mvua. Nikaanza kuchoka. Mama akanisukuma matakoni kwa kiganja, akisema mtu aitwaye maitu haombi kubebwa. Halafu, ghafla, miti ikaisha. Tukawa kwenye uwanda wazi wa nyasi na upepo, baridi inauma masikio, na huku na huku mimea ya ajabu niliyokuwa sijaiona, mirefu kunishinda, imesimama peke yake kama watu wanaongoja kuitwa.

Sitaweza kuwaeleza vizuri nilichokiona. Kirinyaga ilikuwa pale, nyeupe kwa theluji kileleni, karibu kuliko nilivyotarajia. Upande wa Thika moshi wa viwanda ulikuwa unapanda wima. Mbele yake kahawa ya Ruiru ilikuwa imepangwa mistari, kijani juu ya ardhi nyekundu, na mbali kabisa kitu kilimetameta, mama akasema hiyo ndiyo Nairobi. Chini, mto ulijikunja, na mahali unapoanguka kwenye mawe palikuwa na povu jeupe lisilotoa sauti. Nilitafuta nyumba yetu, nikaiona. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu. Nilishangaa kwamba tulikuwa tunaenea mle.

Mama alifungua mikono, upepo ukaipeperusha nguo yake, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka bila mtu kumchekesha. Akaninyanyua akanizungusha, mimi msichana mkubwa, na wote wawili tukaanguka kwenye nyasi. Tulikula viazi. Alikata tita la mwisho taratibu, akiimba, na alipolifunga akalipiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe mzuri.

"Hili hatutaliacha njiani," akasema. "Tutalipeleka wenyewe. Nataka kuliweka juu ya paa kwa mkono wangu. Baba yako atashangaa."

Tukaenda ukingo wa mashariki kutazama tunakoshukia. Hapo ndipo nilipouona kwa mara ya kwanza upande wa pili wa mlima. Hapakuwa na jua lililolala. Palikuwa na makonge, mistari na mistari, na katikati yake nyumba ndefu za mabati. Jengo moja kubwa, la mabati pia, lilikuwa na msalaba. Na pembeni kabisa, peke yake, palikuwa na kitu kidogo cha duara, kinang'aa manjano.

"Ile pale!" nikapiga kelele. "Nyumba ya Mungu!"

"Ndiyo hiyo," mama akasema. "Ile nyingine ya mabati itakuwa stoo." Akaweka mkanda wa tita kwenye kichwa, akainama, tukaanza kushuka.

Kushuka kulikuwa kama mchezo. Lakini kila tulipopumzika juu ya jiwe nilitazama, na ile nyumba ilizidi kukua, na maswali yakazidi kunijia.

"Mami, mbona nyumba ya Mungu ni ndogo?"

"Bado hawajamaliza."

"Mbona inatoa moshi?"

"Wanachoma takataka."

"Mbona Mungu ameanika nguo?"

 Mama akasimama na tita mgongoni, akatazama. Mtu alitoka katika ile nyumba, mwanamke, akamwaga maji, akaingia tena.

"Mami, Mungu ana bibi?"

"Atakuwa mke wa mwalimu wa kanisa," mama akasema. "Twende." Lakini hakuongea tena njiani, wala habari za mboga wala za jirani, na mimi nikawa naangaza mbogo peke yangu.

Tulipofika uani, kitu cha kwanza nilichokiona ni matita mawili yaliyobaki, yameegeshwa ukutani, yamefungwa kwa fundo la kinyume. Nilifurahi kuyaona, kama umekuta jirani mahali pa ugeni. Kitu cha pili kilikuwa shati la baba kwenye kamba, lile la buluu lenye kiraka mgongoni. Kiraka kile mama alikuwa amekishona mbele yangu.

"Hodi hapa," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Alitoka msichana. Naweza kusema msichana, kwa sababu sasa nina wajukuu wakubwa kumshinda. Alikuwa mwembamba mwenye tumbo kubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Ukambani. Alimtazama mama, akalitazama tita, uso ukamfunguka.

"Karibu, karibu mama! Kumbe umekuja mwenyewe. Wewe ndio ule mama wa nyasi?"

"Nyasi gani?" mama akauliza.

"Si hii ya nyumba yangu. Joshua alisema iko mama mjane upande ile ingine ya mlima, anakata nyasi mzuri kushinda wote. Mimi najiambia kila siku, huyu mama nitamshukuru aje? Pole kwa kufiwa, mama. Tua mzigo. Keti nikupe uji."

Joshua lilikuwa jina la baba. Mama aliketi chini, tita likiwa bado mgongoni. 

Mimi nilikuwa na mambo ya kusahihisha. Mtoto wa pekee huzoea kusahihisha watu wazima. Nikamwambia yule msichana kwamba mama si mjane, baba yuko. Nikamwuliza Mungu atahamia lini.

Alicheka, akaweka mkono tumboni. "Mungu? Hapana, kamama. Hii nyumba ni ya Joshua. Ya mimi na yeye na huyu anakuja."

"Joshua ni baba yangu," nikasema.

"Joshua nyapara?" Alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba sungura haongei. "Huyo hana mtoto. Alikuwa na bibi, huyo bibi akafa akizaa. Akafa na mtoto wake, siku moja. Joshua hata leo akisema hiyo maneno analia."

Nilimgeukia mama. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Nikamshika mkono, ukawa moto. Nilimshika kwa mikono miwili, na sikumbuki kama nilikuwa namshikilia yeye au najishikilia mimi. Kwa ulimi wa mtu mmoja mama alikuwa mjane na marehemu kwa pamoja. Hilo nimelitambua baadaye. Siku ile nilishtuka tu, mshtuko wa kumwagiwa maji ya baridi, na kichwani mlikuwa na neno moja, kwamba sisi tumekufa na hakuna aliyetuambia.

Mama akauliza kwa upole, "Huyo mtoto aliyekufa, alikuwa msichana au mvulana?"

"Msichana. Hata jina yake anaijua. Nyambura." Kisha, kwa wema tu, akaniinamia. "Na wewe kamama, unaitwa nani?"

 Ilikuwa mara ya kwanza kuogopa jina langu.

"Anaitwa Nyambura," mama akasema.

Kata ya uji aliyotuchotea ilimponyoka yule msichana. Uji ukamwagika miguuni mwake, wala hakuruka, ingawa ulikuwa wa moto. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akalitazama lile shati kwenye kamba. Halafu akashuka chini taratibu, akishika ukuta, mpaka akaketi kwenye vumbi mbele yetu. Aliitwa Mwikali. Alitamka jina lake mwenyewe mara kadhaa, kama anayejitetea mbele ya hakimu. "Mimi Mwikali sikujua. Haki ya Mungu, mama, mimi Mwikali sikujua."

"Najua hukujua," mama akasema. "Mimi pia sikujua."

Hapo nataka mnielewe. Mke wa pili si kitu ambacho kingemshangaza mama. Nyanya yangu, mama yake mama, alimkatia mke mwenzake nyasi, tena kwa nyimbo, na wale wawili walizeeka wakigawana ugoro. Lakini yeye alikata akijua. Aliulizwa, akakubali, akauchukua mundu. Mama yangu aliambiwa anamjengea Mungu. Aliomba mtoto kwa kila tita, na matita yenyewe yakamfunika mtoto wa mwingine. Nimejaribu miaka yote kumtafutia baba sababu. Nimefikiria kanisa, nimefikiria kiu ya mtoto wa kiume, nimefikiria hofu. Labda alianza na uongo mdogo mbele ya wazazi wa Mwikali, ukamzidi. Sijui. Ninachojua ni kwamba hakusema tu mama amekufa. Aliniua na mimi, akanililia.

Mama aliinuka. Alilizunguka lile paa polepole, akilikagua kama fundi. Nilitazama mundu uliokuwa kiunoni mwake. Nikangoja. Mimi, kwa hasira niliyo nayo, ningeomba kiberiti. Mama aliinua macho juu kabisa, mahali nyasi zinapokutana, na pale palikuwa na uwazi.

"Utazaa lini?" akauliza.

"Mwezi ujao, mama."

"Kilele hakijafungwa. Mvua ikija itakuingilia, wewe na mtoto." Akaufungua mkanda, akalitua tita la mwisho mlangoni. "Wafunge na hizi. Ni ndefu."

Nilimkasirikia kwa jambo hilo miaka mingi kuliko nilivyomkasirikia baba. Nimewahi kumwambia hivyo. Alinijibu kwamba mvua haijui nani alikosa.

Hatukurudi kwa mlima. Tuliuzunguka kwa njia kuu, mama akiwa mbele, mgongo wake mtupu umeinama bado kana kwamba una mzigo. Giza lilitukuta nyumbani. Sikuuliza swali lolote, na yeyote aliyenijua utotoni atawaambia hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Siku zilizofuata nilikuwa na shughuli kubwa ya kuchunguza kama niko hai. Niliwasimamia kuku mbele nione kama wataniona. Walipita kando yangu, lakini kuku hupita kando ya kila kitu. Nilikataa kula, kwa maana nilisikia wafu hawali, kisha nikasikia njaa nikachanganyikiwa. Mwishowe nilichukua mwiba nikajichoma kidole. Mama alinikuta nyuma ya nyumba natazama damu.

"Unafanya nini, mtoto?"

"Naangalia kama nilikufa."

Alichuchumaa, akakitia kidole changu mdomoni mwake, akakinyonya. Ndipo alipolia, mara moja tu, kidole changu kikiwa bado mdomoni.

"Uko hai," akaniambia. "Mimi niko hai. Kwa baba yako ndiko tulikokufa. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Kaka yake mama alikuwa akifanya kazi kwenye kahawa huku Ruiru, na mama aliamua tutakwenda kwake. Alifunga vyombo vyetu, nguo, na kuku wawili kwenye kikapu. Tungeweza kuondoka siku ya pili yake, lakini alingoja Jumamosi ya baba. Alisema hataondoka kama mwizi. Asubuhi ya siku hiyo alifanya kitu ambacho hakuna mwanamke wa kwetu aliyekifanya kwa mkono wake. Alichukua maji akayamimina kwenye mafiga. Moto ule hakuwa ameuacha uzimike tangu alipoolewa. Alikuwa akiufukia usiku na kuufukua alfajiri, miaka yote. Ulitoa sauti ya kukasirika, moshi ukajaa nyumba, halafu kukawa baridi. Tukaketi ndani, mzigo wetu uko tayari, tukangoja.

Kengele ya baiskeli ikalia. Mwili wangu uliruka, kwa mazoea, mama akaniwekea mkono begani. Baba aliingia akiinama mlangoni, kofia kichwani, mkate mkononi. Alituona tumeketi gizani, na nikajua kwamba hajui chochote. Mwikali hakuwa amemwambia. Sijui kwa nini, na nimemheshimu kwa hilo. Labda alituachia sisi tumwambie.

"Mbona nyumba imelala hivi?" akasema kwa uchangamfu. "Mama Nyambura, unaumwa?"

Mama alitazama mbele.

"Kwani moto umeenda wapi?" Aligusa majivu kwa kidole cha mguu, akayaona ni tope. Uchangamfu ukapungua kidogo. Akanigeukia mimi, akatabasamu, kama alivyofanya siku zote mambo yakiwa magumu. "Maitu, kimbia kwa jirani utuletee kaa la moto. Kimbia, mzazi wangu, nife njaa?"

Hakuna siku ambayo baba alinituma nisiende mbio. Miguu yangu yenyewe ilianza kuinuka. Nikairudisha.

"Siwezi, Baba," nikasema. Nilimweleza kwa adabu, maana niliona kweli hajaelewa. "Sisi tulikufa. Mimi na mama. Tulikufa siku niliyozaliwa."

Sikuwahi kuuona uso wa mtu mzima ukifanya vile. Mkate ulianguka. Mkono wake ukapanda peke yake mpaka kichwani, ukaishika kofia, ukaivua. Mama aliinama, akaweka mkanda wa mzigo kichwani, akanisukuma taratibu mbele yake. Mlango wa nyumba zetu ulikuwa mwembamba na baba alikuwa amesimama katikati yake. Tulipomkaribia alisogea, akajibana ukutani, akainamisha kichwa, kofia ameishika kifuani kwa mikono miwili, akatupisha kama watu wanavyopisha jeneza.